Kabla hujakubali mtoto arudie darasa, msikilize akisoma dakika moja

Muhula wa tatu ukishaanza, husikika yale maneno ya langoni: "Mama Fulani, huyu kusoma bado. Mwakani tungemwacha hapa hapa." Mzazi hurudi nyumbani na aibu, mtoto hurudi na jina. Swali la kwanza halijaulizwa: kusoma bado kwa kiasi gani? Hajui alifu kwa kijiti, au anasoma kila neno ila polepole? Hao ni watoto wawili wenye shida mbili, na kuna wa tatu anayesoma vizuri ila kwa Kiingereza ndiko anakokwama. Wote watatu huambiwa neno lile lile, warudie.

Sheria kwanza, maana ni fupi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013, kifungu cha 35, inasema mwanafunzi aliyepokewa shuleni hatazuiliwa darasani wala hatafukuzwa. Mlango mdogo ulioachwa wazi ni wa nidhamu: waziri anaweza kutunga kanuni kuhusu mwanafunzi mtukutu ambaye njia nyingine zote za kumrekebisha zimeshindikana. Kusoma hakukutajwa, wala alama. Ndiyo maana shule nyingi hazitoi amri, zinamwomba mzazi akubali "kwa hiari" na kutia saini. Tathmini ya Gredi ya 3 ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, ile iitwayo KEYA, nayo haikuwekwa kama kizingiti. Hufanyiwa shuleni, mwalimu husahihisha, matokeo hupakiwa kwenye mtandao wa KNEC, na mtoto huingia Gredi ya 4 hata akiwa ameandikiwa "mbali na matarajio".

Desturi hii ya kurudisha watoto ni urithi wa enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane uliofanywa mara ya mwisho 2023. Shule ilihukumiwa kwa wastani wake, na mtoto dhaifu aliushusha. Mtihani umekwenda, mazoea yamebaki. Kwa shule ya kulipia kuna na lingine la kutazama: mwaka wa kurudia ni ada ya mwaka mzima.

Sasa kipimo. Kenya ina viwango vya ufasaha vilivyotumika katika Tusome, mradi wa kufundisha kusoma ulioanza kote nchini 2015 kwa watoto wa madarasa ya chini. Kwa Kiswahili, mtoto anayesoma maneno 45 sahihi kwa dakika huhesabiwa anasoma kwa ufasaha. Maneno 17 ni chipukizi: ameshaanza, hajafika. Kwa Kiingereza ni 65 na 30. Tofauti hiyo haina maana kwamba Kiswahili kimelegezewa. Neno la Kiswahili hubeba mzigo. "Alimsaidia" ni neno moja lenye silabi 7, na Mwingereza angelitumia matatu mafupi kusema hayo hayo.

Hiki hapa kifungu cha kupimia. Kiandike kwa maandishi makubwa ya kuchapa kwenye karatasi moja, bila picha.

Asha aliamka mapema. Alimsaidia mama kukanda unga wa mahamri. Baba alikuwa amekwenda kuvua samaki. Mvua ilianza kunyesha. Asha alikimbia nje kuanua nguo. Ng'ombe wa jirani alikuwa ameingia uani. Alikuwa akila majani ya mchicha. Asha alipiga kelele. Jirani alikuja mbio na kamba. Walimfunga ng'ombe huyo mtini. Asha alirudi jikoni akiwa amelowa.

Kina maneno 50. Neno la 17 ni "kunyesha", la 45 ni "mtini". Wewe shika nakala yako na penseli, mtoto ashike yake. Mwambie asome kwa sauti, vizuri, si mbio. Saa ya simu ianze anapotamka neno la kwanza, si unaposema "haya". Neno alilokosea, lipige mstari. Akikosea kisha akajirudi mwenyewe, ni sahihi. Akinyamaza sekunde 3, mwambie "endelea", na neno hilo lihesabu kosa. Akiruka mstari mzima, maneno yote ya mstari huo ni makosa. Akishindwa na maneno yote 10 ya mwanzo, simamisha, usimtese, jibu umeshalipata. Sekunde ya 60 ikifika, weka alama alipofikia, hesabu maneno aliyosoma, toa makosa.

Akimaliza kabla ya dakika kwisha, zidisha maneno sahihi kwa 60 ugawe kwa sekunde alizotumia. Aliyesoma yote 50 kwa sekunde 52 na makosa 4 ana 46 mara 60, gawa kwa 52, yaani 53. Kisha mwulize, karatasi umeiondoa: mama alikuwa akitengeneza nini? Kwa nini Asha alikimbia nje? Ng'ombe alikuwa akila nini? Nani alikuja na kamba? Kwa nini Asha alilowa? La mwisho halikuandikwa popote, lazima aunganishe na mvua. Usimwulize jambo lililo mbele ya pale alipoishia.

Mambo mawili huharibu kipimo hiki kuliko mengine. La kwanza ni kutumia kitabu cha darasani. Mtoto wa Gredi ya 2 anaweza kuwa amekikariri kitabu chote kwa kusikia wenzake wakiimba, akakusomea ukurasa huku macho yako dirishani. Ukimshuku, mwonyeshe neno moja katikati ya sentensi na ufunike mengine. La pili ni sikio la msikilizaji. Mtoto wa Mombasa aliyelelewa na bibi anayesema Kimvita anaweza kukutana na "mchele" akasoma "mtele", au "njoo" akaisoma "ndoo". Hilo si kosa la kusoma. Ameziona herufi, ameelewa, akatamka kama watu wa kwao. Katika upimaji wa namna hii lafudhi na lahaja hazikatwi alama. Mwalimu aliyetoka bara anayemkata alama hapo amepima asili ya mtoto, hajapima kusoma. Kuandika ni habari nyingine: kwenye imla atafuata Kiswahili sanifu, na aambiwe waziwazi kwamba nyumbani tunasema hivi na kitabuni tunaandika vile.

Ukishapata tarakimu, usikimbilie tarakimu. Rudi kwenye makosa yake, maana humo ndimo dawa ilimo.

Yuko anayeshindwa na mstari wa kwanza wote. Huyu mpime sauti za herufi, moja moja. Utakuta mara nyingi anajua majina ya Kiingereza: "em", "kei", "es". Akiona "ma" anasema "em-a", na hakuna namna ya "em-a" kuwa "ma". Amefundishwa majina, hakufundishwa sauti, na akirudia darasa kwa mwalimu anayefundisha majina yale yale, atatoka na majina yale yale.

Yuko anayekata silabi: a-li-m-sa-i-di-a. Kila silabi sahihi, neno halipatikani, kwa sababu anapofika "dia" ameshasahau "ali". Ndiye unayemkuta kwenye maneno 10 hadi 20. Tazama kwamba maneno 17 ya mwanzo ya kifungu hicho ni zaidi ya silabi 50, kwa hivyo ameshafanya kazi kubwa. Huyu herufi anazijua, kinachomtoka ni kasi, na kasi haiji kwa kuelezwa, huja kwa kusoma tena na tena kile kile.

Yuko anayebahatisha. Anaona "ali" anasema "alikuwa", kila mahali. Anasoma haraka, anakutazama usoni kama aliyeuza kitu, na ukihesabu makosa yanazidi 10. Huyu mpe maneno bila picha wala hadithi, yanayofanana mwanzo: alikimbia, alikuwa, alikuja, alikula. Lazima macho yafike mwisho wa neno.

Na yuko anayepita 45 bila kutoa jasho, ukimwuliza mama alikuwa akipika nini anasema "samaki". Kurudia Gredi ya 2 hakumfai kabisa, kwa sababu madarasa haya ya chini kazi yao kubwa ni kuzitoa herufi sauti, na hilo amelimaliza. Anahitaji kusomewa, kuulizwa, kupewa msamiati, kusimulia.

Watu hulaumu chuo cha Kurani kwa mtoto kuchanganya b na d, eti ni kwa sababu kule anasoma toka kulia. Kugeuza b na d ni jambo la wanaoanza kusoma kila mahali duniani, hata wasiokijua Kiarabu. Kwa hakika mtoto aliyepita kwenye fataha, kisra na dhuma tayari ana kile ambacho mwenzake anakitafuta: kwamba herufi moja hubadilika sauti kwa irabu iliyo nayo. Mwonyeshe kwamba "ba, bi, bu" za Kiswahili ni mambo yale yale, ila irabu imeandikwa pembeni badala ya juu na chini. Tahadhari iko upande mmoja tu: amezoea kutamka asichokielewa na kusifiwa, kwa hivyo maswali baada ya kusoma yasiachwe.

Kiingereza ndicho kinachowaonea wengi. Shule nyingi za mjini hupima kusoma kwa Kiingereza, kisha huandika "hajui kusoma". Mpime kwanza kwa lugha anayoisema. Kiswahili kina irabu tano zenye sauti tano, zisizogeuka. Kiingereza kina "a" inayobadilika katika cat, cake na call. Mwenye 48 kwa Kiswahili na 18 kwa Kiingereza anajua kusoma. Asichojua ni Kiingereza, na Kiingereza hakiji kwa kurudia mwaka wa hisabati, dini na mazingira alivyoshafaulu.

Sasa tufanye hesabu ya huo mwaka wenyewe. Gredi za 1 hadi 3 zina vipindi 4 vya Kiswahili kwa juma, nusu saa kila kimoja. Ni saa 2. Mwaka wa majuma 36 ni saa 72. Ziko nyingi? Zigawe. Katika darasa la watoto 60, kama mwalimu angetumia kipindi chote kumsikiliza kila mmoja, kila mtoto angepata nusu dakika. Kwa kweli hapati hata hiyo. Darasa husoma kwa pamoja, na dhaifu hujificha ndani ya sauti za wenzake. Sasa weka dakika 20 nyumbani, siku 5 kwa juma, majuma 12: ni saa 20, zote zake peke yake. Huo ni muhula mmoja.

Wanaotetea kurudisha watoto siku hizi hutaja Marekani, hasa jimbo la Mississippi, na wana haki ya kulitaja. Lilipitisha sheria 2013 kwamba mtoto asiyefikia kiwango cha kusoma mwisho wa gredi ya 3 asipande. Katika tathmini ya taifa lao ya gredi ya 4, alama za kusoma za jimbo hilo zilitoka 209 mwaka 2013 zikafika 219 mwaka 2019, sawa na wastani wa shule za umma za nchi nzima, kwa jimbo lililokuwa likishika mkia. Lakini wanaolitaja hutazama lango na kuisahau njia ya kufika langoni. Watoto kuanzia chekechea hadi gredi ya 3 walipimwa mara tatu kwa mwaka. Walimu walifundishwa upya namna kusoma kunavyojengeka, kuanzia sauti. Wakufunzi walipelekwa kukaa katika shule zilizokuwa chini kabisa. Mzazi aliarifiwa mapema kwa barua. Mtihani wenyewe ulikuwa na nafasi ya kurudiwa, na kulikuwa na misamaha kwa wenye ulemavu na wanaojifunza Kiingereza upya. Aliyebaki gredi ya 3 alitakiwa kupata mafunzo ya ziada, si mwaka ule ule uliomshinda.

Florida ilitangulia 2002. Waliofuatilia watoto wake waliorudishwa gredi ya 3 waliona faida kwenye alama za miaka ya mwanzo, kisha ikapungua, na uwezekano wa kumaliza sekondari haukuongezeka wala kupungua. Michigan ilipitisha sheria yake 2016, na 2023 ikaifuta sehemu ya kurudisha watoto. Anayetaka kuleta lango la Mississippi huku Mombasa, Likoni au Jomvu, bila wakufunzi, bila vipimo vitatu vya mwaka na bila mafunzo ya ziada, analeta kufuli bila mlango.

Kazi ya nyumbani, basi. Kata boksi la katoni upate kadi 35: irabu 5, na silabi za m, k, l, t, n na s kwa kila irabu. Kadi hizo pekee zinatoa meno, kula, simu, tano, kisima, samaki, kamata, na mengine hujayafikiria. Dakika 3 za kwanza ni kadi, haraka haraka, kwa sauti na si kwa majina. Dakika 5 kuunda maneno: wewe unasema, yeye anapanga. Dakika 8 kusoma kifungu kifupi mara tatu, kile kile, na kila mara unaandika sekunde; mtoto akiona 70 imekuwa 58 kisha 49, huhitaji kumpa peremende. Dakika 4 za mwisho imla ya maneno matano.

Silabi wazi zikishakaa, ongeza zile zinazowakwamisha, na usizilete zote kwa juma moja. Anza na mb, nd, nj, nz. Kisha kw, mw, bw. Halafu ch, sh, ny. Ng na ng' zikae mbalimbali kwanza, ngoma juma hili na ng'ombe juma lijalo, kisha zikutanishwe. Dh, th na gh ni za mwisho. M inayosimama peke yake, kama kwenye mtoto na mti, ina shida yake: mtoto huongeza irabu akasema "muti". Mpigie makofi, m-ti, mawili.

Asiyekuwa na muda au asiyejua kusoma mwenyewe amtumie dada mkubwa au mtoto wa jirani wa Gredi ya 6. Saa inayofaa si ile ya usiku baada ya chuo, mtoto ameshalegea. Na usimpe neno kabla ya sekunde 3 kupita. Mzazi mwenye haraka hufundisha mtoto kungoja. Pima kwa kifungu kipya kila baada ya majuma mawili. Akiongeza neno moja au mawili kwa juma, acha mambo yalivyo. Majuma manne bila kusogea, tafuta sababu nyingine: macho kwanza, anasogeza karatasi puani au anafinya jicho? Masikio, hasa mwenye mafua yasiyokwisha. Kisha kituo cha EARC cha kaunti ndogo yako, ndiko wanakotathmini watoto wenye mahitaji maalumu, na barua yao ina uzito shuleni.

Kuna wakati kurudia kunaeleweka. Mtoto wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, au Gredi ya 1 aliyeingia mdogo kuliko wenzake, au aliyekosa muhula mzima na zaidi kwa ugonjwa au kuhamahama. Hapo hajakosa kujifunza, amekosa kuwepo. Gredi ya 3 kwenda juu mimi ningekataa: KNEC imeshamsajili na kumpa nambari ya tathmini ya miaka inayofuata, na kumrudisha ni kuivuruga. PP1 na PP2 ziko chini ya serikali ya kaunti, kwa hivyo malalamiko ya huko hayaendi mlango mmoja na ya Gredi ya 1. Kwa shule ya msingi, baada ya mwalimu mkuu ni bodi ya shule, kisha mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo.

Usingoje muhula wa tatu. Ni majuma 9 hivi, na mwalimu ameshaamua. Nenda katikati ya muhula wa pili na daftari lenye tarehe, maneno kwa dakika, na makosa yenyewe yaliyoandikwa. Mwambie mwalimu kwa adabu: nataka kuona kipimo chako nawe, ulimpima lini, kwa kifungu gani, akapata ngapi? Akirudia, mwakani kitabadilika nini: mwalimu, saa, kitabu, au idadi ya watoto? Yaandikwe. Akisema kila kitu kitakuwa kile kile, ombi lako liwe mtoto apande, na daftari likabidhiwe mwalimu wa darasa jipya juma la kwanza la Januari, ukurasa wa juu ukionyesha yuko maneno mangapi na anakwama kwenye sauti zipi.